Banjo ya Kentucky na Wimbo wa Mama Yusta

Nilikwenda Buffalo kwa sababu mpiga gitaa mmoja alihamia Florida. Sababu kubwa zaidi ipo na nitaifikia, lakini wasomaji wa nyumbani wanaodhani kwamba mtu mwenye shahada tatu husafiri Marekani kwa mialiko ya heshima ni vizuri waujue ukweli mapema. Nilichukuliwa kwa kuwa najua mikao mitatu ya vidole kwenye gitaa, niliyojifunza katika Umoja wa Wakristo shuleni Machakos, na kwa kuwa nasema Kiswahili. Bendi ilihitaji vyote viwili na haikuwa na uwezo wa kubeba watu wawili.

Ninaishi Louisville, jimbo la Kentucky, mtaa wa Beechmont, upande wa kusini wa jiji. Nilikuja kusoma miaka minne tu, nikamwambia mama asimpe mtu chumba changu. Chumba hicho sasa kina kuku, nami bado niko hapa, nafundisha uandishi wa insha kwa vijana wasiopenda insha. Mtaani kwetu kuna Wakongo, Warundi, Wasomali, Wakuba, na Wamarekani weupe waliotutangulia sote. Mmoja wao ni Dale, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

Dale ni dereva wa basi la jiji. Akivua sare anakuwa mpiga mandolini, aina ya gitaa dogo, na kiongozi wa bendi ya muziki wa milimani Kentucky, ule wanaouita bluegrass: nyuzi tupu, bila ngoma, bila umeme, unaopigwa kwa kasi ya mtu aliyekanyaga nyoka. Mwenzake ni Ruthie, muuguzi, anayepiga banjo, gitaa lenye tumbo la mviringo kama ngoma na nyuzi zinazolia kwa ukali. Wa tatu ni Lonnie, mume wa Ruthie, anayepiga besi kubwa la kusimamisha, na ambaye sijamsikia akitoa sentensi ndefu tangu tufahamiane.

Watu hawa wana tabia ya kuchukua nyimbo za watu wengine. Nimewasikia wakipiga wimbo wa disko, wimbo wa roki wa vijana wenye nywele ndefu, hata tangazo la sabuni. "Kila wimbo ni wa bluegrass," Dale huniambia, "ila mwingine haujaambiwa bado." Namna yao ni moja. Kwanza wanatazama kama ndani yake kuna mtu aliyekufa au aliyeondoka. Asipokuwapo, wimbo unaachwa. Akiwapo, wanaupunguza ubaki beti tatu, wanaugawa kwa sauti tatu, na kati ya ubeti na ubeti kila chombo kinapewa zamu yake kujigamba. Kisha wanaongeza mwendo.

Wimbo uliotusafirisha Dale aliupata kwenye basi lake. Wanawake wa zamu ya asubuhi wanaokwenda kwenye maghala ya South End, kusini mwa jiji, hukaa viti vya mbele, na mmoja wao, Mama Neema, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa akiucheza kwenye simu kila siku. Dale aliusikia kituo kwa kituo. Ubeti wa kwanza aliujua kwenye taa nyekundu karibu na duka la matairi; kiitikio alikimaliza kwenye kivuko cha reli, siku treni la mizigo lilipomfanyia hisani ya kuwa refu. Mwishowe Mama Neema akamtumia wimbo wenyewe, naye akaja kwangu nimtafsirie.

Ilikuwa kwaya ya kanisa, bila vyombo, na kelele za watoto kwa nyuma. Kiitikio chake kilisema:

*Miguu imetangulia,*
*moyo utafuata.*
*Mkiuona njiani,*
*uonyesheni nyumba.*

Baada ya ubeti wa mwisho kwaya inaguna chini chini, na sauti ya mwanamke inataja majina. Kwa kila jina wanaitikia kwa pamoja: "Yupo."

"Hapo anatambulisha waimbaji," Dale akasema. "Sisi pia hufanya hivyo. Muziki unaendelea polepole, kiongozi anataja nani anapiga nini."

Nikakubali. Kwetu pia kwaya hujitambulisha. Watu wawili wakikosea pamoja, chuoni tunaita utafiti.

Bendi ilikuwa imealikwa kupiga kwenye jukwaa kubwa la kando ya mto mwishoni mwa kiangazi, na kwa miaka mingi haikuwa imealikwa popote penye viti vya kutosha. Dale alitaka kufunga onyesho kwa wimbo ule. Lakini hakutaka kuupiga bila ruhusa ya mwenyewe. Babu yake alitunga wimbo wa fidla huko milimani, akaja mgeni na mashine ya kurekodi, na wimbo ukatoka na jina la mgeni. "Mama yangu alizima redio kila ulipopigwa," aliniambia. "Sitaki kuwa yule mgeni. Tukinyimwa, tutafunga na ule wa sabuni."

Tukamuuliza Mama Neema, kituoni, nikiwa nimesimama mlangoni na abiria wakinitazama vibaya.

"Bon, mwalimu," akasema, "ile wimbo haiko ya kwetu. Iko ya Mama Yusta, Murundi moja alikuwaka hapa South End. Ni ye alitufundisha. Sasa iko kule Buffalo."

"Tumpigie simu?"

"Simu? Hapana. Wimbo wanaomba na mdomo, munamuangalia mu macho. Muende. Na musiende mikono mitupu, donc muninunulie ndagala, ntawafungia."

Ijumaa mchana tulitoka Louisville kwa gari la familia la Lonnie. Besi kubwa lililala katikati, kichwa kati ya viti vya mbele, miguu kwenye buti, nasi wengine tukajipanga kulizunguka kama ndugu wa mgonjwa. Dagaa wa Mama Neema walikuwa wamefungwa kwa mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Haikusaidia. Kabla hatujatoka jijini, Ruthie alishusha kioo na kuuliza kwa upole kama samaki wale walikuwa hai au wamekufa.

"Wamekufa," nikasema. "Walikaushwa juani."

"Lini?"

Nikashusha kioo cha upande wangu.

Njia ya kutoka pale kwenda Cincinnati na hatimaye Columbus haina la kusimulia sana: mashamba ya mahindi yaliyonyooka kama yamepigwa rula, malori, na mabango yanayomwahidi msafiri wokovu na baga kwa zamu. Tulifanya mazoezi garini. Ruthie alipiga banjo kifuani, Dale mandolini kiti cha mbele. Mimi nilishika gitaa na kujifunza jambo ambalo Umoja wa Wakristo ulinificha, yaani kwamba mikao mitatu inatosha, lakini lazima uibadilishe kwa wakati.

"Profesa," Dale alisema bila kugeuka, "wewe unafika. Tatizo unafika baada ya mkutano."

Jioni tuliingia Columbus, kwa shangazi yake Ruthie, Loretta, bibi wa nywele nyeupe anayekaa kwenye nyumba ndogo yenye kibaraza. Alikuwa amepika maharage na mkate wa mahindi. Nikamwambia kwamba sisi Wakamba mahindi na maharage tunayapika kwenye chungu kimoja na kuita isyo. Akanitazama kama mtu aliyesikia kwamba ndugu yake wa mbali huvaa kiatu cha kulia miguu yote miwili.

"Chungu kimoja," akasema. "Na mkate mnakula na nini?"

Baba yake Loretta alitoka milimani Kentucky kuja kutafuta kazi ya kiwandani, na watu wa kwao wengi walifanya hivyo. Kila Ijumaa, akitoka zamu, aliwapakia wanawe garini wakarudi kwao. Jumapili jioni wanageuza. Ndiyo ikawa desturi mpaka alipokufa.

"Mimi nilizaliwa hospitali ya hapa hapa," alisema Loretta akipangusa meza. "Lakini ukiniuliza wikendi nakwenda wapi, nasema nakwenda nyumbani. Jirani zangu wanadhani nina nyumba mbili."

Tukampigia wimbo wa Mama Yusta jikoni. Walikuwa wameubadili vizuri, sipendi kuwanyima sifa. Beti nne zimekuwa tatu. Kiitikio kimepewa sauti ya juu ya Ruthie inayokwaruza kidogo, ile sauti ya milimani inayofanya kila habari ionekane imeletwa na mtu aliyekimbia. Mwendo ulikuwa maradufu ya ule wa kwaya. Maneno waliyaacha kwa Kiswahili, nami nilikuwa nimewafundisha garini, hivyo "moyo utafuata" ulitoka midomoni mwa Wakentaki ukiwa na vumbi la njia. Mwishoni, nyuzi zikiguna, Dale akataja: "Kwenye banjo, Ruthie!" nasi tukajibu "Yupo!" "Kwenye besi, Lonnie!" "Yupo!" Nilipotajwa mimi niliitikia mwenyewe, jambo ambalo naambiwa halifanywi.

Loretta alipiga makofi. "Unahusu nini?"

"Mtu aliyeondoka kwao," nikasema.

"Hilo nimelisikia. Nilitaka kujua alikwenda wapi."

Jumamosi tulishika njia ya kaskazini hadi Cleveland, kisha tukafuata Ziwa Erie upande wa kushoto. Ni ziwa lisilo na ng'ambo. Dale, ambaye maji makubwa aliyozoea ni mto Ohio, alisema mtu akiliona hili hana haja ya bahari. Nikamwambia Warundi na Watanzania wa Kigoma wana lao. Ndiko walikotoka dagaa wetu, nao kwa sasa walikuwa wamejitambulisha hata kwa wafanyakazi wa vituo vya mafuta.

Mama Yusta anakaa Tonawanda, kaskazini mwa Buffalo, karibu na kiwanda anachofanyia kazi. Alitufungulia mlango akiwa bado na koti lenye mistari ya kung'aa. Ni mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye macho ya mtu anayesikiliza zaidi ya unavyosema. Nikamkabidhi mfuko. Akaunusa kabla ya kuufungua.

"Neema hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana."

"Salamu nimezisikia tangu mlipoegesha gari." Akacheka, akatuingiza ndani. Wanawe walitusalimu kwa Kiingereza, wakalitazama besi, wakaulizana kwa Kiingereza kama ni jeneza.

Nilieleza shida yetu kwa Kiswahili changu bora, chenye utangulizi, mwili na hitimisho. Mama Yusta alisubiri niishe. "Kaka Mutua, nimeelewa tangu mwanzo. Wanataka wimbo. Mimi sisemi ndiyo, sisemi hapana. Kwetu mgeni akija na wimbo, anauimba kanisani kwanza. Kesho tutausikia."

Nilipotafsiri, Dale akapauka. Amepiga kwenye mabaa, harusi na mnada wa matrekta, lakini hajawahi kupewa mtihani na mwenye wimbo mbele ya mashahidi.

Jumapili asubuhi tulikwenda mjini Buffalo, kwenye kanisa la Warundi linaloazima jengo la kanisa jingine. Ibada ilipofika mahali pa wageni, mchungaji akatuita mbele. Besi lilipata tabu mlangoni na likasaidiwa na mashemasi wawili. Nikatusemea: tumetoka Louisville, tunaleta salamu, tuna wimbo. Bendi ikajikusanya, Dale akahesabu, tukaanza.

Nitasema ukweli: ubeti wa kwanza watu walishtuka, wa pili walitabasamu, na wa tatu akina mama wa viti vya mbele walikuwa wamesimama. Banjo ya Ruthie ilipopata zamu yake, mzee mmoja alipiga kigelegele ambacho kwa kawaida ni cha wanawake. Hata mimi nilifika kwenye mkutano kwa wakati. Kisha nyuzi zikashuka, Dale akataja:

"Kwenye banjo, Ruthie!"

"Yupo!" tukaitikia.

Kanisa likacheka. Kicheko kizuri, cha kushangaa.

"Kwenye besi, Lonnie!"

"Yupo!"

Safari hii walicheka wachache. Nilipotajwa mimi hakucheka mtu. Akina mama wa mbele walikuwa wamekaa. Mama Yusta alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, anatazama sakafu. Tukamaliza, tukapigiwa makofi ya adabu, yale ambayo mwalimu huyajua vizuri.

Njiani kurudi Tonawanda tulitafuta kosa. Ruthie alikuwa na hakika ni mwendo. Dale, kwamba ni matamshi. Mimi niliogopa ni gitaa.

Mezani kulikuwa na ugali, mchicha wanaouita lengalenga, na wale dagaa, ambao baada ya kukaangwa na nyanya walisamehewa na wote. Lonnie aliongeza mara mbili. Sahani zilipoondolewa, Mama Yusta alikaa mkabala na Dale na kunifanyia ishara nitafsiri.

"Mwambie wanaimba vizuri. Mwambie sikutegemea. Ila pale mwisho, yale majina. Walidhani ni nini?"

Nikasema tulidhani ni utambulisho. Nikasema "tulidhani", kwa wingi, maana haikuwa haki kumwachia Dale peke yake.

"Aliyepo hatajwi," akasema. "Aliyepo tunamwona. Mimi na mdogo wangu, Spesioza, tulianzisha wimbo huu kwenye kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, mwaka mwenzetu wa kwanza kwenye kwaya alipopata safari ya kuja huku. Nafasi yake pale mstarini ilibaki wazi, hatukutaka mtu aingie. Basi tukasema, tutamtaja, na sisi tutamwitikia. Akaondoka wa pili, tukamwongeza. Akaondoka wa tatu. Kila anayeondoka, jina lake linaingia kwenye wimbo. Tunasema yupo kwa sababu hayupo."

Nilitafsiri. Dale akaomba nirudie. Nikarudia. Ruthie akaiegemeza banjo ukutani, polepole, kama mtu anayeweka chini kitu alichokiokota nyumba ya watu.

"Na Spesioza?" nikauliza.

"Yuko kambini bado. Alikuwa ameolewa, akawa na faili lake mwenyewe la kuomba safari, na faili hilo halijafika popote. Ndiye anayeongoza. Majina sasa yamekuwa mengi kuliko beti, na wanaoitikia ni wachache. Juzi aliniambia, dada, karibu nitaita mwenyewe na kuitikia mwenyewe. Anataka kuuacha. Kwa hiyo mnaponiuliza mimi ruhusa, mnakosea mlango. Wimbo uko kwa aliyebaki nao."

Dale alifikiri, kisha akasema nimwambie kwamba wataondoa wimbo. Watarudi Louisville na kumaliza onyesho kwa kitu kingine, na hakuna lawama.

Mama Yusta alisikia tafsiri yangu, akaguna. "Huyu ana haraka hata ya kushindwa. Kwani simu haipo?"

Nikakumbuka kwamba tulikuwa tumesafiri siku mbili na samaki kwa sababu wimbo hauombwi kwa simu.

Kule Kigoma jua lilikuwa limeshazama na watu wamekula. Spesioza alipokea upesi; sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ya dada yake, yenye mzaha uliojificha. Walisalimiana kwa Kirundi, kisha kwa ajili yetu wakahamia Kiswahili.

"Kuna Wazungu wanne hapa wamechukua wimbo wetu," Mama Yusta akasema.

"Watatu," nikasema.

"Watatu na Mkenya mmoja."

"Basi wanne," Spesioza akajibu. "Waimbe niwasikie."

Hapo niliona ustadi ambao nyumbani sijapata kuuona. Muziki wa akina Dale, tangu zamani, hupigwa mbele ya kipaza sauti kimoja tu: anayepokea zamu anasogea, aliyemaliza anarudi nyuma, bila kugongana, kama watu wanaopishana kwenye ujia wa jikoni. Mama Yusta alipindua sufuria mezani na kuweka simu juu yake. Bila neno, wale watatu wakaizunguka. Lonnie akasimama mbali kidogo pamoja na besi lake, Ruthie akageuza banjo pembeni, Dale akainamia sufuria kama anaikanda. Simu ndogo ile ilipata onyesho kamili.

Hatukumaliza kiitikio cha kwanza.

"Ngojeni," simu ikasema. "Wanakimbizwa na nani?"

Nikatafsiri. Dale akasema, kwa uaminifu, kwamba hajui. Wakaanza upya, polepole, na nilishangaa jinsi wimbo ulivyonenepa. Ruthie hakukwaruza tena. Aliimba kama mtu anayemsomea mgonjwa barua. Tulipofika mwisho wa ubeti wa tatu, Spesioza akadai wa nne, ule walioukata, na Mama Yusta akauimba peke yake huku nyuzi zikimfuata kwa kubahatisha.

Kisha Mama Yusta akaanza kutaja majina. Generoza. Yupo. Leonia. Yupo. Tulioitikia jikoni mle ni Dale, Ruthie, mimi, na watoto wa Mama Yusta, ambao walikuwa wametoka chumbani wakiwa na simu zao mikononi na, kwa mara ya kwanza tangu tufike, waliitika kwa Kiswahili. Kutoka Kigoma ilisikika sauti moja tu, ikichelewa nusu pumzi nyuma yetu. Orodha ilikuwa ndefu kweli. Mama Yusta alipojitaja mwenyewe, Spesioza aliitikia kabla yetu. Hapo ndipo wimbo huishia. Nyuzi zikaendelea kuguna zikisubiri ishara.

Ishara haikuja. Dale alikuwa ameinamia simu, na kwa sauti ya kawaida, bila "kwenye banjo" wala "kwenye besi", akasema:

"Spesioza."

Mama Yusta akageuka ghafla. Spesioza hakuwa ameondoka. Hakuna mwanakwaya ambaye angemtaja. Hata mimi, ambaye kwaya hiyo niliifahamu tangu chakula cha mchana, niliona ni kosa. Ruthie alimtazama Dale, mkono wake juu ya nyuzi. Kisha nikafanya hesabu ambayo Dale alikuwa ameshaifanya: ukiwa umesimama Tonawanda, asiyekuwapo ni nani?

"Yupo," tukasema, kwa kupishana, vibaya sana.

Nilitazama kama simu imekatika, ilikuwa hai.

"Nipo," Spesioza akasema.

Mama Yusta alishika ukingo wa meza, akasema neno kwa Kirundi ambalo sikulielewa na sikuuliza. Halafu tukamsikia mdogo wake akivuta kamasi na kucheka kwa wakati mmoja.

"Huyo aliyeniita anaitwa nani?"

"Dale," nikasema. "Ni dereva wa basi."

"Mwambie Dereva, wasikimbie. Ubeti wa nne urudi. Yale mabati yake," nikaelewa ni banjo, "yasilie juu ya majina ya watu. Na mimi wanitaje mwisho, kila mara. Wakifanya hivyo waimbe popote. Huku nitaendelea na hawa niliobaki nao, nikijua upande wa pili kuna watu."

Dale aliposikia, alitikisa kichwa kukubali, akasahau kwamba simu haioni, akaendelea kutikisa.

"Amekubali," nikasema kwa niaba yake.

Jumatatu tulirudi njia ile ile. Ziwa lilikuwa upande wa kulia sasa, na gari lilinuka vizuri, au pua zilikuwa zimezoea. Columbus tulisimama kwa Loretta kunywa kahawa. Ruthie akamweleza habari ya majina. Bibi yule akasikiliza, akauliza kama ni lazima mtu awe mwanakwaya, au hata mwenye gari tu anayerudi nyumbani kila Ijumaa anaweza kutajwa. Tulipoondoka, Lonnie alishusha kioo, akasema jina la marehemu baba yake Loretta, na akaitikia mwenyewe, "Yupo." Kwa Lonnie hiyo ilikuwa hotuba.

Jumapili iliyofuata nilimpigia mama simu Machakos, nikamsimulia yote. Nikamuuliza kama mimi pia hutajwa pale nyumbani.

"Unatajwa sana," akasema. "Hasa kuku wanapochafua godoro lako."

"Na nani huitikia?"

"Nani aitikie? Wewe mwenyewe simu huzishiki." Tangu siku hiyo nazishika, hata katikati ya darasa, na wanafunzi wangu wamelipenda somo la insha zaidi.

Mwisho wa kiangazi tulipanda jukwaa la kando ya mto. Mpiga gitaa wa Florida hakurudi, kwa hiyo tuliopanda ni pamoja na mimi. Mama Neema alikuwa amekuja na wenzake wa basi, wamevaa vitenge vya sare, wamekaa safu ya mbele kama waliokodi uwanja. Dale alitambulisha bendi mapema kabisa, kwa majina na vyombo, ili asiichanganye tena na jambo jingine. Wimbo wa Mama Yusta ukaja mwisho, taratibu, beti zote nne. Dale aliyasoma majina kwa lafudhi ambayo Warundi wenyewe wangehitaji mkalimani kuielewa, na kwa kila jina safu ya mbele iliitikia kabla yetu. "Donc mupige muzuri," Mama Neema alikuwa ametuonya, "tuko tunawasikiliza."

"Spesioza," Dale akasema.

Tuliitikia, kisha tukaacha nafasi, kama tulivyokubaliana, urefu wa pumzi ya mtu kutoka Kigoma kusema neno moja. Hakukuwa na simu. Besi lilikoma, mandolini ikakoma, na Ruthie akaweka kiganja juu ya nyuzi. Mengi niliyojifunza safarini nimeshayasahau, pamoja na mahali pa mkao wa tatu wa vidole. Hili nimebaki nalo: banjo inaweza kunyamaza. Wakentaki wenyewe walikuwa hawajui.